Kuibuka

Kiinua mgongo kilipoingia
baada ya miaka thelathini na mmoja ya kugonga mihuri stesheni ya Tabora,
sikununua bajaji, sikujenga fremu za duka Isevya,
sikuongeza mke kama walivyotabiri wenzangu wa reli.
Nilinunua vipande.
Kijana wa wakala, Lubasha, alitandaza karatasi mezani:
"Mzee Kapaya, huku ndiko kunakokua,
asilimia sita, asilimia saba kwa mwaka.
Masoko yanayoibuka."
Nikaweka sahihi
kwa mwandiko uleule niliopokelea shehena za pamba.

Nyamizi alikuwa anaosha uyoga kwenye karai.
Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha upande wa Sikonge,
mikono yake ina udongo hadi viwikoni.
"Yanaibuka," akarudia. "Kutoka wapi?"
"Vietnamu. Bangladeshi.
Kiwanda cha viatu, benki ya wakulima,
saruji huko Peru."
"Umewaona?"
"Nani?"
"Hao walioshika hela yako."

Sijawaona.
Na huyu ni mtu asiyemkopesha jirani elfu tano
kabla hajapita uani kwake,
akahesabu kuni, akatazama miguu ya watoto.
Akachomoa uyoga mmoja, mweupe, mnene, mzuri kuliko wote.
"Kuibuka si kazi," akasema.
"Juzi haukuwepo, leo una kofia."
Akautupa nje ya ua.
Kuku walikuja mbio, wakasimama, wakarudi.

Basi nikawa mtu wa kuchungulia simu.
Mafuriko ya Dhaka yalinilowesha nikiwa kitandani.
Uchaguzi wa Peru niliufuatilia
kuliko ule wa mwenyekiti wetu wa mtaa,
nikawapa pole watu wasiojua kama nimezaliwa.
Mwezi wa tatu bei ikaanguka,
kumi na nne kwa mia, ndani ya wiki moja.
Lubasha hakupokea simu siku mbili.
Ya tatu akasema, "Mzee, ni upepo tu."

Mimi ni mtu wa reli.
Najua mzigo uliochelewa na mzigo uliopotea:
uliochelewa una karatasi,
uliopotea una maelezo.
Nikaomba karatasi.

Ikaja ripoti ya mwaka, kurasa sitini.
Ukurasa wa kumi na tisa, chini kabisa,
kwa herufi za kutafutia miwani:
Tanzania, sifuri nukta nne kwa mia.
Nikasoma tena kwa kidole.
Kumbe yupo mtu mahali fulani,
pengine karani mstaafu kama mimi, mji wenye theluji,
anayechungulia simu kabla ya kulala
aone kama tumepanda.
Anamiliki tofali moja la benki ninapopanga foleni ya pensheni.
Ukame wetu unampandisha presha.

"Nyamizi! Na sisi tumo! Tumeibuka!"
Alicheka hadi akatua sufuria chini.
"Tumeibuka lini?
Mimi nilikuwa hapahapa."
Kisha, akijifuta macho kwa ncha ya khanga,
"Na huyo wa theluji, ametuona?"

Sikuuza. Sikuongeza pia.
Gawio lilikuja mwezi wa tisa, elfu thelathini na saba na mia mbili.
Alilipokea, akalihesabu mara mbili,
akanunua mabuti ya mpira, jozi mbili,
hakusema la pili la nani.

Leo alfajiri amenipeleka porini.
Simu haina mtandao huku,
na sijui Dhaka imeamkaje.
Uyoga umejaa chini ya miyombo, kofia kwa kofia,
naunyooshea mkono ule ulionona.
"Usitazame juu," anasema, tayari yuko mbele, mgongo umeinama.
"Fukua mguu wake."
Napiga magoti kwenye matope,
mimi mwenye hisa za nchi sita,
naanza kuchimba kwa kidole.